Balozi na Shauri la Ndege Bubu

Ukitaka kumjua Balozi wetu wa nyumba kumi kule Majimoto, anza na sahani yake. Ilikuwa sahani ya bati, pana, nyeupe, yenye ua jekundu lililobanduka nusu. Kila aliyewahi kugombana katika eneo lake alikula kwenye sahani hiyo pamoja na aliyegombana naye, Balozi mwenyewe akiwa wa tatu, mkono wake ukiingia katikati yao kama mpaka. Hapo ndipo shauri lilipohesabika limekwisha. Kabla ya hapo mnaweza kushikana mikono, kusameheana, hata kulia kidogo. Kwake bado mnagombana.

Mimi nilinunua mpunga Majimoto miaka mingi, nikaukoboa na kuupeleka Mpanda, na ghala langu lilikuwa jirani na ua wake. Wengi nimewaona wakila. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili, naweza kusema bila wasiwasi: wote walikula, isipokuwa shauri moja. Nalo halikuwa la ng'ombe, wala la mke, wala la mpaka wa jaruba la mpunga. Lilikuwa la ndege mbili zilizogongana angani.

Tutafika huko. Kwanza mwenyewe.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Alihubiri hodi kuliko padri anavyohubiri toba, lakini yeye mwenyewe aliingia nyumba za watu kama upepo, ukashtukia tu yupo jikoni anafunua sufuria. Ukimuuliza, anasema, "Mimi sijaingia. Mimi nimepita." Alikuwa na radio ndogo aliyoifunga mpira wa baiskeli ili betri zisidondoke, na alibishana na watangazaji kwa jina. Alipenda kusema kwamba hasira ni mgeni, mpe kiti lakini usimpe kitanda. Na aliyafuata maneno yake, ila kwa wifi yake tu.

Wifi huyo alikaa ng'ambo ya kijia, mlango ukitazamana na mlango. Hawakusalimiana kwa sababu ya kinu. Nani alikiazima kwa nani, na kilipasukia mikononi mwa nani, habari zilitegemea umesimama upande gani wa kijia. Siku moja nikamtania, "Balozi, mbona sahani haivuki njia?" Akanitazama kama ninayemtajia bei ya kitoto. "Ule si ugomvi," akasema. "Ule ni utulivu." Mganga hajigangi, nikaondoka zangu.

Watu wa mbali walidhani sahani ile ina dawa. Dawa ilikuwa ugali wenyewe. Balozi hakujua kupika, na hakujua kwamba hajui. Ugali wake ulikuwa na madonge ambayo ukiyauma yanakuangalia, na samaki wake wa Rukwa walikuwa na ladha ya majivu kwanza, ya samaki baadaye. Wagomvi walijua kwamba wakipatana nusunusu watarudishwa kesho kula tena. Kwa hiyo walipatana kabisa. Nimeona mahakama zenye majoho ambazo hazina nguvu hiyo.

Lakini kabla ya sahani kulikuwa na kitu kingine, na hicho ndicho kilichofanya watu watembee kutoka vitongoji vya mbali kumfuata. Hakukubali mtu aseme ya kwake. Kila mmoja alilazimika kusema ya mwenzake, tena kwa "mimi", kana kwamba ameingia ndani ya ngozi yake.

Nakumbuka mfugaji mmoja, Msukuma mrefu mwenye fimbo iliyong'aa, ambaye ng'ombe wake waliingia usiku katika mpunga wa mkulima mmoja Mpimbwe na kuula karibu na mavuno. Walifika wameshikana mashati.

"Haya," Balozi akamwambia mfugaji, "sema ya mwenzako."

"Mayu," yule akasema, maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, "mimi sina ng'ombe wakorofi."

"Hayo ni yako. Nimesema ya mwenzako."

Mfugaji akaguna, akazungusha fimbo. "Mimi ni mkulima. Nimelima na mke wangu, ng'ombe sina. Nimepanda, nimepalilia, nimefukuza ndege. Leo nimeamka nikakuta kwato." Akaishusha fimbo. Kisha akasema taratibu, "Mayu, inaudhi."

"Sasa wewe."

Mkulima akajivuta. "Mimi ni mfugaji. Nilisinzia."

"Sikusinzia," mfugaji akadakia.

"Nyamaza," Balozi akasema. "Sasa hivi wewe ni mkulima."

Watu wakacheka, na hao wawili wakacheka kwa kuchelewa, na nusu ya shauri ikawa imekwisha pale. Iliyobaki ilimalizwa na ugali.

Mimi mwenyewe alinifanyia hivyohivyo, tena katika biashara. Nilifika kununua mpunga wake, nikataja bei ya ufunguzi, ile ambayo kila mwenye akili anajua ni salamu tu. Akaniambia, "Sawa. Sasa sema ya kwangu." Nikajikuta nimekaa juu ya gunia nikisema, "Mimi ni Balozi, magoti yananiuma, mpunga wangu ni mkavu na msafi, na huyu bwana ana mzani ambao mtaa mzima unauonea shaka." Nilishindwa siku ile kwa mdomo wangu mwenyewe, na sijawahi kushindwa vibaya hivyo tena.

Sasa ndege.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Majaruba yalikuwa makavu, ng'ombe wanatafuna mabua, joto linapanda kutoka ardhini mpaka unaliona likitetemeka. Nilikuwa nasimamia upakiaji wa magunia. Juu yetu tai walikuwa wanazunguka kama kawaida yao ya alasiri, na katikati yao alikuwepo tai mmoja mweupe, mrefu kupita kiasi.

Balozi alikuwa uani anaanika karanga. Akakinga jua kwa mkono. "Yule mkubwa hapigi bawa hata mara moja," akasema. "Mvivu."

Dereva wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria akatuelimisha. Alikuwa amemwona Mpanda, kwenye uwanja wa ndege, mzungu mzee mwenye ndege isiyo na injini ya maana. Ina kiinjini cha kumwinua tu. Akishafika juu anakizima, anakificha mgongoni mwa ndege, halafu anaelea na hewa ya moto kama tai. Anavuka nchi hivyo, na rafiki yake anamfuata chini kwa gari.

"Ndege bubu," Balozi akasema, na jina likabaki hilo.

Ndipo tukasikia nyingine, ile ya kawaida, ndogo, inayopeleka watalii mbugani. Ilikuwa inarudi tupu. Ilikuja moja kwa moja ikilielekea lile duara la tai. Tai wakatawanyika. Ile nyeupe haikutawanyika.

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama bati linalochanwa nyumba ya tatu. Kipande cha ncha ya bawa jeupe kikaanza kushuka peke yake, polepole, kikizunguka kama jani. Ndege bubu ikayumba, ikashuka kama mlevi anayeijua njia ya nyumbani, ikakaa kwa tumbo kwenye jaruba. Ile nyingine ikakohoa, ikanyamaza, feni yake ya mbele ikiwa imepinda, ikashukia upande wa pili wa njia ya ng'ombe, ikaruka tuta, ikaruka la pili, ikasimama imeinamisha pua kama ng'ombe anayekunywa.

Tulikimbia. Nilihesabu vichwa vilivyotoka ndani ya ndege: kimoja huku, kimoja kule. Nikahesabu tena, maana hesabu ya namna hiyo hutaki kuikosea. Wawili, wazima. Mzee wa kizungu alikuwa na mchubuko wa paji la uso. Rubani wa ile ndogo, kijana wetu Mtanzania mwenye shati jeupe na mistari mabegani, alikuwa amejiuma ulimi, jambo ambalo halikumzuia kuanza kupiga kelele. Wakakutana katikati ya mabua, wakapigana kwa Kiingereza.

"Barabara yote hiyo ya juu," dereva wa bodaboda akawaambia, "haina kona, haina shimo, na bado mmeshindwa kupishana?"

Balozi akafika, kanga imejaa maganda ya karanga. Akawatazama wote wawili, akauliza swali lake la siku zote. "Nani kaingia kwa mwenzake?"

"Mama," bodaboda akasema, "polisi wameshapigiwa, wako njiani. Na huko juu si eneo lako."

"Wameangukia wapi?"

Bodaboda akatazama chini. "Kwako."

"Basi."

Akawachukua mpaka uani kwake, akawakalisha juu ya magunia yangu bila kuniuliza. Mzee hakujua Kiswahili zaidi ya asante na pole. Rubani ndiye pekee aliyejua lugha zote mbili, maana yake mshitakiwa ndiye mkalimani. Mimi ningekataa mpango kama huo hata kwenye biashara ya kuku. Balozi aliuona mzuri kabisa.

"Muulize ilikuwaje," akamwambia rubani, "kisha useme ya kwake."

Rubani akamuuliza. Mzee akaongea kwa mikono yote miwili. Rubani akageuka. "Anasema kwamba..."

"Usiseme anasema. Sema mimi."

Kijana akafuta jasho. "Mimi nilikuwa nazunguka na tai. Nilikuwa nao tangu asubuhi. Sina injini, siwezi kukimbia. Nikasikia mlio nyuma, nikageuza shingo." Akameza mate yenye damu. "Nikaona feni. Nikaona feni inakuja usoni kwangu."

Mtu akampa maji. Mzee wa kizungu akamtazama, akaacha kurusha mikono.

"Sasa mwambie aseme ya kwako."

Hili lilichukua muda kueleweka. Kisha mzee akaongea, taratibu, na rubani akawa anayarudisha maneno kwa Kiswahili, akijitafsiri mwenyewe kutoka kinywani mwa mwingine. "Mimi ni kijana. Nimeruka safari nyingi leo. Jua lilikuwa mbele yangu. Niliona tai, nikawakwepa tai. Nilidhani wote ni tai." Akakatiza. "Mama, hayo sikumwambia."

"Ni uongo?"

Rubani akamtazama mzee. "Si uongo. Ndivyo ilivyokuwa. Sijui amejuaje."

Balozi akanyanyuka kwenda jikoni, na sisi tuliomzoea tukajua tumbo la nani litaumia.

Sahani ilipowekwa chini, watu wote na simu zao wakasogea. Mzee akanawa, akakaa tayari. Rubani naye alikuwa amenyoosha mkono kwenye maji simu yake ilipolia. Akasikiliza amesimama. Sote tulisikia sauti ya bosi wake ikitoka kama nyuki kwenye kopo: asikubali kitu, asisaini kitu, asionekane popote na yule mtu.

Akakata simu. "Mama, siwezi kula."

"Kula si kukiri."

"Mimi najua, mama. Bosi hajui." Akazitazama zile simu zilizonyooshwa. "Picha yangu nakula naye ikifika ofisini, watasema nimekubali kosa. Leseni itaondoka. Nyumbani wananitegemea mimi."

"Hawa wazime simu."

Tukazima. Nilihesabu skrini, zote giza. Lakini alikuwa ameshaogopa, na mtu akishaogopa hata giza lina macho. Akabaki amesimama mpaka gari la polisi lilipofika, akapanda, akaondoka. Balozi na mzee wakala wawili, na nafasi ya tatu ikabaki wazi. Mzee alikula madonge yote. Nilimheshimu tangu siku hiyo.

Wakubwa walikuja, wakapima, wakapiga picha, wakabeba vipande. Tulisikia kwamba rubani alisimamishwa kwa muda halafu akarudishwa kazini. Nani alionekana na kosa, hakuna aliyekuja kutuambia. Mzee akabaki kwa Balozi akisubiri lori la kubeba ndege yake, ambalo rafiki yake wa gari alikwenda kulitafuta, akalala chumba cha watoto waliokwisha kuoa na kuolewa, akajifunza kupepeta mpunga vibaya. Alimwita mama. Nimewatazama wote wawili kwa makini, na kwa hesabu yangu mzee ndiye aliyemzidi umri. Siku ya kuondoka Balozi alimshika mkono. "Shauri halijaisha. Utarudi." Akajibu kwa Kiswahili alichojifunza hapo uani, "Nitarudi, mama."

Usidhani jambo hili lilikuwa dogo. Msimu uliofuata watu wawili waligombania mfereji wa maji, na sahani ilipoletwa mmoja akakunja mikono. "Hata rubani hakula," akasema. Ua mzima ukamgeukia Balozi. Kama huyo angeondoka hivyo, wa kesho yake naye angeondoka, na kazi yote ya yule mama ingebaki kuwa maneno. Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni, ng'ambo, anasikiliza wazi kabisa.

"Rubani hajakataa," Balozi akasema. "Rubani amechelewa. Kaa chini."

Akakaa. Lakini niliona mkono wa Balozi ulivyokuwa unabana ukingo wa sahani.

Tangu hapo kila ndege ndogo ikipita kuelekea mbugani, aliacha alichokuwa anakifanya, akaitazama mpaka inapotea. "Huyo hajala," anasema, kisha anaendelea. Aliwatuma abiria, madereva, hata katekista mmoja aliyekuwa anakwenda Mpanda: mwambieni ugali unapoa. Walicheka. Sijui kama kuna aliyefikisha.

Miaka ikaenda. Magoti yakamshinda, akauacha ubalozi kwa mtu mwingine mwenye sauti fupi, na binti yake akamhamishia kwake Makanyagio, hapa Mpanda mjini. Nilikuwa nampelekea mchele mara kwa mara. Alikuwa anaukoroga kwa kidole na kuniambia umechanganywa, nami naapa haujachanganywa, na wote wawili tunaridhika.

Jumapili moja, si zamani, nilimkuta kibarazani amenyoosha miguu kwenye jua. Bajaji ikasimama. Akashuka mwanamume mwenye mvi za kwanza kidevuni, shati la kawaida, anaangalia milango kama mtu aliyepotea. Mimi sikumtambua. Balozi, ambaye macho yake siku hizo hayakuuona hata mchele vizuri, aligeuza kichwa aliposikia salamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa."

Yule mtu akakaa kwenye ngazi, chini yake. Akaeleza kwamba aliulizia Majimoto, akaelekezwa huku. Kwamba yule mzee amefariki kwao, kwa uzee tu, kitandani; rafiki yake wa gari ndiye aliyempa taarifa. Aliyasema hayo akiangalia viatu vyake. "Nilikuwa najiambia nitakuja akirudi yeye. Kila mwaka najiambia hivyo. Sasa harudi. Nikaona shauri litabaki kwangu peke yangu, na mimi siliwezi peke yangu."

Balozi alikuwa na namna yake ya kupokea msiba, alitazama mbali na kutikisa kidole kimoja, kana kwamba anamkataza mtu jambo. Kisha akamwita binti yake alete chakula kwenye ile sahani ya bati.

"Lakini mama," rubani akasema, "nitakula na nani?"

"Na mimi."

"Nilimaanisha upande wake."

"Alilala kwangu. Aliugua malaria kwangu. Aliniita mama mbele ya watu, huyu hapa shahidi, muulize, huwa anahesabu. Mtoto akifa na shauri mkononi, nani analishika?"

Rubani akanitazama, nikakubali kwa kichwa. Hilo la mwisho kwetu linajulikana: ni mzazi.

"Basi mkono wake ndio huu," akasema, akaunyoosha amiminiwe maji.

Wakala. Walikula polepole, na mimi nilijitafutia kazi ya kufunga upya gunia ambalo lilikuwa limefungwa vizuri. Bodaboda walipita, redio ya jirani iliimba, mtoto akaja kuazima kiberiti akapewa. Balozi akichukua tonge, analisubiri la mwenzake liishe kwanza. Alikuwa anakula kwa ajili ya mtu mwingine, na alikula kwa adabu ambayo kwa ajili yake mwenyewe hakuwahi kuwa nayo.

Walipomaliza, rubani akanawa, akajikausha mikono kwenye suruali, akabaki amekaa. Nilijua kuna swali. Mtu aliyebeba kitu miaka yote hiyo hawezi kukitua bila kuuliza uzito wake.

"Mama, niambie basi. Kati ya mimi na yeye, nani alikuwa na kosa?"

Balozi alikuwa anatafuta mwiba wa samaki kwa ulimi. Akaupata, akauweka pembeni.

"Kesho unaruka?"

"Alfajiri. Nina watalii wa kupeleka mbugani."

"Wangapi?"

"Wanne."

"Hao hawana kosa," akasema. "Nenda kalale."